Zawadi ya Mkuu na Dawa ya Mifupa

Hadi leo nikimwona mkuu wangu wa maabara natamani ardhi inimeze. Bibi yangu wa Ijumbi, anayeunga mifupa, alinipa vifurushi viwili vya majani ya mgomba. Kimoja kilikuwa na magome ya dawa yake, nikayapime Bukoba. Kingine kahawa ya kutafuna, zawadi ya mkuu. Vilifanana kabisa, na mimi, mtaalamu wa vipimo, sikuvibandika lebo.

Mkuu wetu ni mgeni, katokea Dodoma. Nikamkabidhi chake: "Mzee, hii ndiyo kahawa yetu Wahaya. Inatafunwa, haitemwi."

Siku tatu alitafuna huku machozi yakimlengalenga, akisema, "Tamu sana."

Siku ya nne nikafungua sampuli mbele ya wenzangu wote. Kahawa! Mkuu akaacha kutafuna.

Nikampigia Bibi, simu nimeiweka sauti ya juu. "Waitu Bibi," nikaanza kwa heshima ya Kihaya, "mtu akila yale magome atadhurika?"

Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Hadhuriki, mjukuu wangu. Lakini ile dawa hufungwa pale palipovunjika. Hebu muulize mkuu wako, kavunjika ulimi?"