Jeti, Mbwa Aliyejua Kufa

Hadi leo nikisikia harufu ya maganda mabichi ya kahawa, ile harufu tamu inayokaribia kuchacha, miguu yangu inataka kukimbia. Msinicheke. Kwetu Mbozi, nyuma ya rundo la maganda hayo ndipo Jeti, mbwa wetu, alipokuwa akinisubiri kila nikitoka shule, na hapo tulifyatuka wote wawili kwenda kufukuza ngedere kwenye mahindi.

Jamani, yule mbwa alikuwa na mbio! Baba alimleta kutoka Tunduma ndani ya kapu, na kabla hajatimiza miaka miwili alishakuwa gumzo la kijiji. Ngedere wakimwona tu, wanatupa mahindi na kupanda miti huku wakitutukana kwa lugha yao. Mimi nyuma, nimekunja sketi ya shule, napiga kelele mpaka koo linakauka. Tukichoka tunajilaza kwenye majani, sikio langu kwenye mbavu zake. Moyo wake ulikwenda mbio, ukanyamaza, halafu ukaruka kwa kishindo. Nilibana pumzi kuusubiri ule mruko. Niliupenda! Nilidhani mbwa hodari wote wana moyo wa hivyo.

Siku moja, katikati ya mbio, Jeti alilegea miguu, akaanguka ubavu, akatulia. Kabla sijamfikia alisimama, akajikung'uta, akaendelea. Baada ya wiki akarudia, nami nikaamua kwamba mbwa wangu anajua kuigiza kufa. Nikatangaza shule nzima. Watoto wakaja nyumbani, nikawa namrushia mpira wa makaratasi, namkimbiza huku na huku, "Jeti, kufa!" Mara nyingi hakufa, nikazomewa. Lakini siku alipoanguka, makofi yalisikika mpaka barabarani. Nilijiona mtu mkubwa.

Jirani yetu, Mama Ezekia, peke yake hakufurahi. Aliweka ndoo yake chini akasema, "Neema mwanangu, mwacheni huyo mbwa. Huko siyo kucheza. Mkimkimbiza hivyo atakufa."

Nikamwona ana wivu tu, maana mbwa wake yeye alikuwa mzee wa kulala jikoni.

Jumamosi iliyofuata walikuja watoto wengi kuliko siku zote. Jeti aliukimbilia mpira, akaudaka, akaanguka. Tukapiga makofi. Tukaendelea kupiga, mpaka mdogo wangu akaniuliza, "Dada, mbona haamki?"

Wakubwa walisema ni sumu. Mbwa kijana, aliyemaliza chakula chake asubuhi, atakufaje hivi hivi? Baba akaniuliza nani alikuwa hampendi. Nilikuwa nalia kwa uchungu na hasira, nikasema, "Mama Ezekia alisema atakufa."

"Alijuaje?" baba akauliza, na swali hilo likazunguka kijiji kizima. Watu wakaacha kumsalimia. Hata kanisani hakuna aliyetaka kukaa naye benchi moja, na yeye hakujitetea hata mara moja.

Miezi ilipita, ndipo bwana mifugo akaja kuchanja mbwa. Baba alipomsimulia, yule bwana alinigeukia mimi. Aliwahi kuanguka kabla? Akiwa anakimbia? Nikamweleza yote, hadi ule mruko wa moyo.

"Hiyo siyo sumu, mzee," akamwambia baba. "Ni mapigo ya moyo. Wapo mbwa wanazaliwa na hitilafu hiyo. Kwa macho ni wazima kabisa, halafu moyo unasimama ghafla."

Baba alikwenda kuomba radhi jioni ile ile. Mimi nilijificha stoo.

Mwaka jana, nikiwa mama wa watoto wawili, nilijikaza nikaenda kwa Mama Ezekia. "Mama, shikamoo. Mimi ndiye niliyekutaja."

"Marahaba. Najua," akasema, akanisogezea kigoda.

Nikamuuliza lile swali la baba, alijuaje, maana hakuna aliyewahi kumuuliza yeye mwenyewe.

"Mdogo wangu alikuwa anaanguka vile vile akicheza mpira," akasema. "Tulikuwa tunamcheka. Mara ya tatu hakuamka. Wakauliza ni nani kamloga. Mimi nikamtaja shangazi. Alihama kijiji chetu cha Ibaba kwa aibu, akafa hatujapatana."

Nilimshika mkono. Utotoni nilidhani alinyamaza kwa sababu alikuwa na hatia, na nilipokua nikadhani ni kiburi. Kumbe miezi yote ile aliona ni zamu yake.