Midomo ya Tabitha Ogden

Tabitha Ogden alifuma pamba kule Rochdale, Uingereza, tangu utotoni. Kelele za mitambo zilimfundisha kusema kwa midomo tu, bila sauti, kama sisi wafumaji wote. Mumewe, Jabez, alimtongoza hivyohivyo. Kiwanda kilipofungwa na njaa ikawazidi, waliingia nyumba ya maskini nilimokuwa mimi tayari, na mlangoni wakatenganishwa, mume huku, mke kule. Sijui wakubwa waliogopa nini, labda vikongwe wasije wakazaa.

Bwaloni kuongea ni marufuku. Tabitha aliketi kando yangu, akitazamana na Jabez upande wa wanaume, na wakapiga soga zao mbele ya msimamizi asiyeona kitu.

Swali la Jabez halikubadilika: Keziah hajambo? Huyo ni binti yao, aliyeahidi kuja kuwatoa baridi ikiisha. Moyo wa mzee ulikuwa mbovu, na ahadi hiyo ndiyo iliyomwinua kitandani. Kabla ya Krismasi Keziah alikufa kwa homa. Sisi wanawake tuliambiwa. Kwa wanaume habari hazikufika. Tabitha hakulia. Alimjibu mumewe kwamba binti ni mzima, anasalimu, kisha akaendelea na uji wake.

Ndipo watu wema wa London wakaleta sheria yao: wazee waliooana wapewe chumba kimoja. Wanawake ndio walioulizwa. Tabitha akasema hataki. Bibi mmoja wa bodi iliyosimamia nyumba ile, mwenye kofia ya manyoya, akanong'ona kwamba maskini hawajui mapenzi. Ningemzaba kibao.

Lakini Tabitha naye nilimjia juu.

"Una wazimu wewe? Chumba chenu, moto wenu, unakataa?"

"Midomo inaweza kumdanganya, Hannah. Sauti haiwezi. Akiisikia tu, atajua."

"Si umwambie, basi."

"Nimwambie afe?"

Alisema hivyo kama mtu anayeuliza saa. Hasira zikanizidi.

Jumapili Jabez alikuja bwaloni amenyoa ndevu. Tetesi za chumba zilikuwa zimemfikia. Akauliza bodi imesemaje.

"Wamekataa," Tabitha akasema kwa midomo.

Mzee akawatukana mabwana wale matusi yote ya kiwandani, kimya kimya. Alipochoka, akatabasamu.

"Haidhuru, mke wangu. Keziah yuko njiani."

Tabitha akaitikia kwa kichwa, akavuta bakuli lake.