Daftari la Kahawa ya Kutafuna

Harufu ya kahawa ya kutafuna ikichemka haifanani na ile ya kahawa ya kikombe. Kwanza huja ukali wa majani mabichi yanayochemshwa pamoja na matunda, halafu moshi wa kuni, na mwishoni kitu kitamu ambacho sijawahi kukipatia jina. Nikiisikia leo katika kiwanda changu hapa Kibeta, ambako wanawake saba wanafanya kazi niliyoianzisha mwenyewe bila mjomba serikalini, narudi moja kwa moja kijijini Izigo, nyuma ya jiko la mama yangu, msimu ule nilipokuwa darasa la tano na nikiamini kwamba neno lililochapishwa haliwezi kukosea.

Kwetu mgeni hupokewa kwa akamwani, yaani matunda ya kahawa yaliyochemshwa na kukaushwa, ambayo hutafunwa taratibu huku mazungumzo yakianza. Kila nyumba ilitengeneza yake, lakini ya mama ilikuwa bora kuliko ya majirani wote. Sisemi hivyo kwa kuwa ni mama yangu. Wageni walikuwa wakiomba nyingine ya kutafuna njiani. Akaamua kuiuza katika maduka ya Bukoba mjini. Kikwazo kilikuwa kwamba katika kibanja chetu, yaani shamba linalozunguka nyumba, kama katika vibanja vingi wakati ule, ndizi za chakula zilikuwa mikononi mwa mama, na kahawa ilikuwa ya baba. Tata, ndivyo tunavyomwita baba, alifikiri siku tatu, kisha akamwonyesha mibuni kumi na miwili ya upande wa kisima.

"Msimu huu mmoja, Mama Koku," alisema. "Ukishindwa, mwakani inarudi kwenye magunia ya ushirika, na hatutazungumza tena."

"Hatutazungumza," mama alijibu, akaenda kutafuta kitambaa chake cha kuendea mjini.

Mwenye duka aliyemwendea hakumkataa. Alimwambia tu kwamba yeye hupokea bidhaa iliyotengenezwa kitaalamu, pakiti ya leo ifanane na ya mwezi ujao. Mama alirudi na neno hilo, kitaalamu, kama mtu aliyekabidhiwa barua. Yeye aliishia darasa la nne na alisoma Kiswahili kwa kufuatisha kidole. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani na kila mtu Izigo alilijua hilo, kwa sababu nilihakikisha wanalijua. Basi Jumamosi iliyofuata tulipanda gari la asubuhi kwenda Bukoba kutafuta kitabu kinachofundisha kutengeneza kahawa kitaalamu na kuiuza.

Tulikipata katika chumba cha kusomea nyuma ya kanisa moja, chumba chenye sakafu ya saruji iliyopigwa rangi nyekundu na harufu ya karatasi zilizonyeshewa. Mtunzaji wake, Mwalimu Laurenti, alikuwa mstaafu mwenye koti la sufu hata jua likiwaka. Vitabu havikutoka nje ya chumba, akatueleza, lakini kunakili hakukukatazwa. Nikafungua daftari jipya. Mama aliketi kando yangu akisuka kikapu, na mimi nikanakili kitabu cha kahawa tangu kuchuma hadi kuhifadhi, nikimsomea kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Nilipofika penye kuchuma, kitabu kilisema yachumwe matunda mekundu tu, yaliyoiva sawasawa.

"Mekundu?" mama aliuliza. "Koku, akamwani tunachuma ya kijani."

"Kimeandika mekundu, mama. Wataalamu ndio wameandika."

Alisuka mizunguko miwili kabla ya kusema, "Basi mekundu."

Tulingoja yaive. Kila asubuhi alipita kwenye mibuni ile akiyatazama, na niliona mikono yake ikitaka kuchuma na kujizuia. Siku ya kuyachemsha, maganda yalipasuka sufuriani, maji yakawa mazito na yenye utelezi. Tata alichungulia jikoni. "Mama Koku, huu uji unampikia nani?" Tuliyakausha hivyo hivyo, nami nikazidi kusema kwamba labda ya kitaalamu ndivyo yalivyo.

Jumapili alikuja Ma Adelina, jirani yetu. Mgeni hakatai akamwani, na yeye hakukataa. Alitafuna, akasifu mahindi yetu, akatafuna tena. Yaliyobaki alisema anampelekea mumewe, akayafunga kwenye pindo la kanga. Jioni ile ile nilitumwa kisimani, nikayakuta yametupwa chini ya mgomba wa tatu tu kutoka uani kwetu, pamoja na lile alilolitema. Niliyaokota yote nikampelekea mama. Aliyapokea kiganjani, akaenda kuitazama mibuni. Kwenye mibuni kumi na miwili, matunda ya kijani yalikuwa yamebaki kwenye mitatu iliyochelewa, ile iliyosimama kivulini.

"Jumamosi tunarudi mjini," alisema.

Safari hii hakukaa kusuka. Alisimama mbele ya meza ya Mwalimu Laurenti, akaongea mwenyewe, Kiswahili chake kikisaidiwa na Kihaya kila kilipokwama.

"Mwalimu, kile kitabu ni cha watu wa kikombe. Sisi tunatafuna. Kuna cha wanaotafuna?"

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. "Hakuna, mama. Huenda hakijaandikwa."

"Basi nipe vinavyokikaribia."

Alituletea vitatu: cha kukausha mboga na matunda, cha kufungasha bidhaa, na kijitabu cha wenye maduka madogo. Mama alinipa amri mpya. Ukurasa wa kushoto niandike kinachosema kitabu. Wa kulia niandike anachojua yeye. Na penye ugomvi tutajaribu kidogo kidogo nyumbani. Kushoto niliandika kwamba chakula kifungwe kikishapoa kabisa, na kwamba jina na tarehe viandikwe juu ya kila pakiti. Kulia niliandika: chuma ya kijani, chemsha, bonyeza tunda kwa ukucha, likibonyea bila kupasuka, epua. Jumamosi nne tulikwenda. Nyumbani tulichemsha vikombe viwili viwili, tukafunga nyingine kwenye nailoni na nyingine kwenye karatasi ngumu. Ya nailoni iliota ukungu kabla ya wiki kwisha. Mama akaniambia niandike na hilo.

Mibuni mitatu ilitoa pakiti kumi na tano zinazofanana. Moja alipewa Ma Adelina, akatafuna yote kibarazani kwetu na kuuliza kama kuna nyingine. Mwenye duka alichukua kumi na nne zilizobaki na kutaka zaidi. Mwaka uliofuata, karani wa ushirika alipokuja kutazama kahawa na kuelekea upande wa kisima, Tata alimzuia kwa fimbo. "Huko usiende. Hiyo ni kahawa ya Mama Koku."

Sasa nina stashahada ya biashara, nimefanya kazi Mwanza miaka kumi na moja, na nimerudi nyumbani kwa gari langu. Jambo ambalo sisi tuliliendea Jumamosi nne, binti wa leo analipata kwenye simu kabla chai haijapoa, pamoja na video. Hata hivyo wanawake kutoka Izigo hadi Rubya wanakuja kwangu, kwa kuwa nimejaza kabati zima la vitabu vya biashara ndogo na sikatazi kitabu kutoka nje. Mwaka huu niliongeza kimoja nilichokiandika mwenyewe, cha akamwani, kile ambacho Mwalimu Laurenti alisema hakijaandikwa. Nakala mia mbili, jalada la rangi, jina langu kwa herufi kubwa.

Ya kwanza nilimpelekea mama. Aliisoma kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, mpaka wa sita, nilipoandika kwamba matunda yachemshwe dakika arobaini.

"Dakika arobaini za sufuria ya nani?" aliuliza. "Ukucha umeuacha wapi?"

Nilikuwa nimeuacha kwenye daftari, kwa kuona haufanani na utaalamu. Nilizirudisha nakala zote mia mbili kiwandani. Wiki nzima, wanawake saba na mimi tulibandika karatasi mpya juu ya mstari ule, na maneno ya mama niliyanakili kutoka ukurasa wa kulia wa daftari, kama yalivyo.