Karatasi ya Toll iliyonifanya nifungulishe sanduku la zawadi za harusi

Wakuu, poleni na baridi mlioko huku, na poleni na joto mlioko nyumbani.

Muda mrefu nimekuwa msomaji wa kimya humu, nacheka ya wenzangu kisha nafunga kompyuta nalala. Leo zamu yangu. Yamenitokea mimi mwenyewe, mashahidi wapo, na wawili kati yao ni members humu, kwa hiyo hata nikitaka kutia chumvi siwezi.

Kwa wasioijua Birmingham: motorway inayopita hapa kwenda kaskazini hujaa magari, na Jumamosi ndiyo usiseme. Wakajenga nyingine pembeni, ya kulipia. Sisi tunaiita Toll tu.

Unafika kwenye vibanda, unalipa, kizuizi kinanyanyuka, unaenda zako. Kama huna hela hawakufungi. Wanaandika namba ya gari, wanakupa karatasi, na una siku chache za kulipa kwa simu. Ukichelewa wanaongeza ada, na barua inakwenda kwa mtu ambaye gari limeandikishwa kwa jina lake.

Hapo kwenye jina la mwenye gari ndipo penye stori yangu.

Gari ninaloendesha si langu. Ni la Mama Nzigire, mama wa Kikongo anayekaa Newtown. Mwanawe alihamia Leeds akamwachia, ila Mama haendeshi. Mimi namwendesha kanisani na sokoni, siku nyingine nalitumia kwa shida zangu. Bima ina jina langu, karatasi nyingine zote zina jina lake.

Na kila Jumapili baada ya ibada namsomea barua zake. Anaziweka zote kwenye mfuko wa plastiki juu ya friji, hafungui hata moja, ananisubiri. Miaka sita sasa. Namsomea za council, za gesi, za hospitali, halafu nakula. Sombe ya Mama Nzigire, kisamvu cha Kikongo, wakuu, ni habari nyingine kabisa.

Sasa mwaka huu Mama alituma maombi ya uraia. Tangu siku ile ametulia kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Mtu fulani alimwambia ukidaiwa hata senti moja na mtu yeyote nchi hii, uraia unaota mbawa. Nilimweleza sidhani kama iko hivyo. Hakuniamini. Bili ikija leo, leo hiyo hiyo anataka ilipwe.

Basi rafiki yangu Deo akapata mchumba Manchester. Tukaunda kamati ya harusi, tukachangishana, mambo yakaiva. Mweka hazina wetu, Mzee Mapunda, ni mtu wa kujivunia shughuli. Kwenye kikao cha mwisho alisimama akasema:

"Wageni wetu wasiguse mifuko yao. Petroli juu ya kamati, chakula juu ya kamati, na ile barabara ya kulipia juu ya kamati. Mimi nitakaa gari la mwisho na mkoba. Kila gari likifika pale liseme tu, wa mwisho analipa."

Tulipiga makofi. Watu wazima ishirini, hakuna hata mmoja aliyeuliza hao wa kwenye vibanda wamekubali lini.

Jumamosi asubuhi tukaondoka magari matano, taa zimewashwa, riboni mbele. Mimi gari la tatu. Mama Nzigire kakaa mbele na mimi, kilemba chake kinagusa dari. Nyuma yupo Shangazi Salome, shangazi yake Deo, kapakata sanduku la zawadi lenye kufuli dogo. Ufunguo kauvaa shingoni pamoja na mkufu.

Tukafika kwenye vibanda. Wakuu, vibanda si kimoja. Ni vingi, vimejipanga upana wote wa barabara, na kila dereva anakimbilia penye foleni fupi. Msafara wetu ulitawanyika hapo hapo. Mzee Mapunda na mkoba wake nikamwona kushoto kabisa, mistari mitatu kutoka kwangu. Nyuma yangu lori.

Nikamwambia yule dada wa kibandani kwamba wa mwisho analipa. Akachungulia nyuma. Akaniuliza kwa upole kama dereva wa lori ni ndugu yangu.

Nikaingiza mkono mfukoni. Suti ile niliiazima, na wallet yangu imebaki nyumbani kwenye suruali ya kazini.

Mama Nzigire akafungua pochi. Akatoa noti, akaninyooshea.

"Kamata, mwana yangu. Lipa tuende."

Na mimi, mtoto wa kiume niliyelelewa, nikaona aibu. Mama mgeni wa kamati, mzee, alipe barabara? Nikamrudishia. "Hapana Mama, weka. Kamati imeshamaliza."

Honi za nyuma zikaanza. Yule dada akaandika namba ya gari, akanipa karatasi, kizuizi kikanyanyuka.

Mama akauliza, "Ile ni karatasi ya nini?"

"Risiti tu, Mama."

Nilidanganya hivyo hivyo, mikono kwenye usukani, kwenda kanisani. Sikutaka awe na wasiwasi siku ya furaha. Niliisoma karatasi tulipopaki: mwisho wa kulipa Jumatatu, simu zinafungwa saa kumi na mbili jioni. Nikasema kesho asubuhi nalipa, hatajua. Nikaitia mfuko wa ndani wa koti, pamoja na bahasha yangu ya mchango.

Harusi ilikuwa tamu. Wakati wa kutunza maharusi, nikavua koti nikampa Mama anishikie, nikatoa bahasha, nikaenda mbele nikicheza kama sina akili nzuri, nikaitumbukiza kwenye sanduku. Shangazi Salome amesimama pembeni analinda kama askari wa benki.

Jumapili asubuhi natafuta karatasi nilipe. Mfuko wa ndani hamna. Mifuko yote hamna. Chini ya viti vya gari nimekuta riboni na bisi.

Najua mtaniuliza kwa nini sikupiga simu bila karatasi. Nilipiga. Mashine ikataka namba iliyoandikwa kwenye karatasi. Nikabonyeza namba ya gari, ikakataa, ikaniaga.

Nikakaa kitandani nikafikiri. Nilipotoa bahasha, karatasi lazima iling'ang'ania humo humo. Imo ndani ya sanduku.

Na sanduku, wenye mila mnajua, halifunguliwi mpaka maharusi warudi fungate. Linafunguliwa mbele ya ndugu, shangazi akiandika kwenye daftari nani kaleta nini. Deo na mkewe walikuwa wameshaenda Wales wiki nzima.

Siku hiyo kanisani nilimkwepa Mama. Nikamwambia nina shifti, barua nitasoma wiki ijayo. Akaniangalia tu, akasema sawa. Ilikuwa Jumapili ya kwanza kwa miaka sita, na iliniuma kuliko nilivyotegemea.

Nikaenda Hodge Hill kwa Shangazi Salome. Nimemkuta sebuleni, sanduku kalifunika kitenge na juu yake kaweka Biblia.

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Ulitia kidogo unataka kuongeza, au ulitia nyingi unataka kupunguza?"

"Shangazi, ni karatasi ya barabara."

"Miaka yangu yote sijasikia mtu kamtunza bibi harusi kwa karatasi ya barabara. Rudi na kamati."

Jumatatu nikiwa kazini nilipiga simu nyingi kuliko nilizopiga mwaka mzima. Nikamwomba Deo ruhusa huko Wales, alicheka mpaka simu ikakatika, lakini akaruhusu. Mzee Mapunda alikubali kuja kwa sababu moja tu: ile toll ilikuwa ahadi yake, na aliona haya.

Tukakutana kwa Shangazi saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Shangazi akavua ufunguo shingoni, akaomba dua fupi, akafungua.

Bahasha zaidi ya hamsini. Hakukubali nitafute mwenyewe. Alitoa moja moja, akisoma majina polepole, na mimi macho kwenye saa ya ukutani. Saa kumi na moja na dakika thelathini na tano akafika kwenye yangu.

Akaipapasa. Akaifungua. Akaigeuza juu chini, akaikung'uta. Akainyanyua kwenye taa.

Hamna karatasi ya Toll. Na wakuu, hamna hela pia.

Nilipanga kutia hela njiani. Wallet ilibaki nyumbani, na kwa kuwaza ile karatasi nikasahau kwamba bahasha bado tupu. Nimecheza ukumbi mzima, nimepigwa vigelegele, nimetumbukiza bahasha yenye jina langu kwa wino wa bluu na ndani hewa tupu.

Shangazi akachukua daftari. Akaandika jina langu, mbele yake akachora mstari, akafunga daftari. Mzee Mapunda akatoka kwenda kukohoa nje. Alikohoa muda mrefu.

Nikaomba ruhusa. Kilichobaki ni kimoja: kwenda Newtown kumwambia Mama ukweli kabla barua haijamfikia. Niliendesha nikiwa mdogo kama piritoni. Sikuogopa ile ada. Niliogopa sura yake akisikia kwamba kwenye jina lake, jina alilolilinda miaka yote hii, kuna deni, na nililiweka mimi, na nilimdanganya macho makavu.

Nikamkuta jikoni, sufuria iko motoni. Sikukaa. Nikaanza moja kwa moja: Mama, ile haikuwa risiti.

"Ndiyo," akasema, anakoroga.

Nikaendelea. Kibanda, wallet, koti, sanduku, Shangazi. Bahasha tupu pia nikaitaja, maana mficha uchi hazai. Hakunikatiza. Nilipomaliza alipunguza moto, akafuta mikono, akashusha ule mfuko wa plastiki juu ya friji. Akatoa karatasi ya Toll.

Nyuma yake, kwa mwandiko wake wa herufi kubwa kubwa, kulikuwa na namba ndefu imepigiwa mistari miwili chini.

"Ilianguka kwa koti yako, wakati ulikuwa unacheza," akasema. "Nililipa leo asubuyi. Ule mwanamke wa kwa telefone aliniuliza jina, nikamupa. Aliniuliza namba ya gari, nikamupa. Aliniuliza namba ya kadi, nikamupa polepole. Akanipa hii namba. Akaniambia, thank you, Mrs Nzigire."

Nikauliza alijuaje kwamba si risiti.

"Mwana yangu, minasoma Kiingereza ku college tangu mwezi wa kenda. Juu ya ule uraia. 'Unpaid' tuliisoma wiki ya tatu."

Sikuwa najua. Miaka sita namsomea, na hakuna siku nilimuuliza Jumanne na Alhamisi anakwenda wapi.

"Sasa mbona hukuniambia jana, Mama?"

"Nilikungojea baada ya ibada nikuambie. Njo ukasema uko na shifti." Akacheka kidogo. "Na nilitaka niipige peke yangu. Niliogopa, lakini nilipiga."

Wakuu, sina haya kusema nililia hapo jikoni, huku nacheka. Nilikuwa nazunguka Birmingham nzima nikimkinga mtu ambaye alishalipa deni langu asubuhi wakati mimi napanga maboksi kazini.

Nikamwomba nimrudishie hela yake. Akasema nimrudishie siku nikipata wallet. Nadhani ataniuliza hilo mpaka nizeeke.

Nilipoangalia ule mfuko, ulikuwa mtupu. Barua zingine zote alikuwa amezipanga mezani, zimefunguliwa, kila moja ina alama ya penseli.

Nikauliza kama Jumapili nije bado.

"Ukuje," akasema, anapakua sombe. "Lakini utakuja kula. Kusoma nitakusomea mimi."

Funzo nililopata, kwa wanaopita njia za kulipia: weka chenji garini, sio kwenye suti. Karatasi ukipewa, lipa kabla hujawasha mziki. Kamati ikikuambia wa mwisho analipa, uliza wa mwisho atapita mstari gani. Na mzee akifungua pochi kukuokoa, pokea, useme asante. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na vibanda katikati.

Deo, najua unasoma huu uzi. Mchango wako nimeshampelekea Shangazi kwa mkono, kahesabu mara mbili, ila ule mstari kakataa kuufuta.

Karibuni mcheke, wakuu. Na kama kuna mwenzangu mwenye bahasha tupu kwenye sanduku la watu, ajitokeze hapa chini, nisiwe peke yangu kwenye hilo daftari.