Barua kwa Mwombaji

Katika Chama cha Watafiti wa Mimea, mtu hakuwa mwanachama mpaka Bi Kanuni aseme ni mwanachama. Profesa aliyekuwa mwenyekiti angeweza kukupa mkono, kukupigapiga bega na kukuita mwenzetu mbele ya mkutano mzima. Kama jina lako halimo kwenye rejista ya yule mama, wewe ulikuwa mpita njia aliyekuja kunywa chai. Alikuwa katibu wa uanachama kwa miaka ishirini na sita. Mara nne kwa mwaka alitoa kijarida cha kurasa nane, na watu wazima wenye shahada tatu tatu walianza kukisoma kutoka nyuma, kwa sababu ukurasa wa mwisho ndiko alikoweka vile vichwa vyake vitatu: Wanachama Wapya, Waliokoma, na Tanzia.

Jina la Kanuni hakupewa bure. Mwanachama asiyerudisha fomu yake ya mwaka kufikia siku ya mwisho aliingia kwenye Waliokoma, awe nani. Aliwahi kumwingiza huko mwenyekiti mwenyewe, aliyekuwa akikaa chumba cha pili tu, na mwenyekiti akasoma habari zake kwenye kijarida kama watu wengine.

"Sheria ni msumeno, Profesa," alimwambia, akampa fomu mpya ajaze.

Sasa huyu mama alikuwa na kaka aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka mitano, na kaka huyo alifanya kazi jengo hilohilo, chini, kwenye hifadhi ya mimea mikavu. Wote walimwita Mzee Gazeti. Mimea inayotoka porini hulazwa ndani ya kurasa za magazeti ya zamani ikauke ikiwa imenyooka, halafu mtu mwenye mkono mtulivu huishonea kwenye karatasi ngumu, jani hili chali, jani lile kifudifudi, ili pande zote mbili zionekane. Mtu huyo alikuwa yeye, kwa miaka thelathini na minne. Huku akifanya kazi alisoma habari za zamani na kuzileta mezani kama mpya. "Mmesikia? Waziri wa maji amejiuzulu," angesema, na waziri mwenyewe alishazikwa zamani.

Kitu kimoja alikitaka kwa moyo wote, nacho ni kuwa mwanachama. Shule aliiacha mapema, na chama kilikuwa cha wenye shahada. Vitabu vilivyoandikwa kutokana na mimea aliyoishona vilijaza kabati, lakini jina lake halikuonekana hata kwenye shukrani. Ndipo chama kikabadili katiba yake: fundi wa mimea naye aweza kuingia, mradi watu wawili ambao uanachama wao haujakoma wamtilie sahihi. Mzee Gazeti aliipata sahihi ya Profesa siku hiyohiyo. Ya pili aliipata kwa Daktari wa Nyasi, mtafiti aliyekuwa akipotelea milimani miezi kwa miezi akitafuta aina za nyasi; alimwahi kabla hajaondoka tena.

"Nataka nilisome jina langu kwenye gazeti jipya, mdogo wangu," alimwambia dada yake. "Hata mara moja, kabla sijaondoka."

Alikuwa ameshaanza kukohoa.

Bi Kanuni alipoikagua fomu ya kaka yake, alikuta Daktari wa Nyasi hajarudisha yake ya mwaka. Siku ya mwisho ilikuwa imepita kwa siku tisa, kwa hiyo sahihi yake haikuwa na nguvu. Simu ilikuwa mezani, angeweza kuuliza mapokezi kama kuna kitu kilichofika kutoka milimani. Lakini aliwaza watu watasemaje: kwa wengine msumeno, kwa kaka yake pamba. Basi akafanya alivyomfanyia kila mtu. Alichukua karatasi yenye nembo, akaandika "Ndugu Mwombaji, tunasikitika kukufahamisha," akapiga muhuri, akaitia posta. Barua hiyo ilikuwa ikienda kwa mtu anayekaa mitaa miwili kutoka kwake, ambaye alikula naye kila Jumapili. Kamati ya kupokea wanachama ilikutana mara moja kwa mwaka, kwa hiyo angesubiri mwakani.

Jumapili iliyofuata alikwenda kula kama kawaida. Kaka alimvutia kiti, akamsimulia waziri mwingine aliyejiuzulu. Hakuna aliyeitaja barua. Bi Kanuni alidhani yameisha. Mtu mzima haambiwi mara mbili.

Miezi saba baadaye kifua kilimlaza Mzee Gazeti, na wiki ya tatu kikamchukua.

Aliyeshika nafasi yake alikuwa mama mwenye miwani aliyehamishwa kutoka maktaba. Alianza kufungua mafurushi ya mimea yaliyokuwa kwenye rafu nyuma ya kiti cha marehemu. Mafurushi hayo hukaa kwanza kwenye friza ili wadudu wafe, kisha hungoja zamu, na zamu zilikuwa zimerundikana za mwaka mzima. Mzee Gazeti hakuwahi kurusha zamu hata kwa kubembelezwa. Katika hilo yeye na dada yake walikuwa kitu kimoja. Ndani ya furushi la kumi na moja, katikati ya ukurasa wa michezo, kando ya shina la nyasi, ilikuwamo fomu ya mwaka ya Daktari wa Nyasi, imejazwa na kutiwa sahihi. Kule milimani hakuna posta, basi aliituma pamoja na mimea aliyokuwa akiituma siku zote. Muhuri wa mapokezi juu ya furushi ulionyesha kwamba lilifika siku kumi na mbili kabla ya siku ya mwisho.

Yule mama wa maktaba akapanda nayo ngazi. Bi Kanuni aliusoma muhuri mara tatu.

"Ilikuwa imeshafika," alisema. "Ilikuwa humuhumu."

"Ilikuwa nyuma ya kiti chake, Bi."

Majuto ni mjukuu, na huyu alikuja mzima mzima, akakaa. Bi Kanuni hakungoja kuulizwa. Alisimama mbele ya kamati, iliyoitishwa kwa dharura, akasema kosa ni lake: simu moja ingetosha, na hakuipiga kwa kuogopa maneno ya watu. Profesa akasema kwa kuwa fomu iliwahi, maombi yalikuwa halali tangu mwanzo, na marehemu aandikwe. Wote waliinua mikono. Kwenye kijarida kilichofuata jina la kaka yake lilitokea mara mbili katika ukurasa mmoja, juu kwenye Wanachama Wapya na chini kwenye Tanzia. Alipolichapa mara ya pili alilia kwa sauti, na mhudumu wa chai aliyekuwa akipita alimfungia mlango.

Alikipeleka kijarida mwenyewe kwa wifi yake, mjane wa kaka, siku ya Jumapili. Wifi alikisoma polepole, akakiweka mezani.

"Wamefanya vizuri," alisema. "Asante, wifi."

"Sikujua kama ile fomu imefika. Ningejua, nisingemkatalia."

"Kukataliwa hakukumuuma. Alisema, dada yangu akinipitisha mlango wa nyuma, hao wenye shahada watanicheka mpaka kaburini." Wifi alikunja mikono. "Kilichomuuma ni ile Ndugu Mwombaji. Aliisoma hapo hapo ulipokaa. Akasema, Jumapili atakuja, ataniambia kwa mdomo wake. Nikamwambia, si umuulize wewe? Akakataa. Akasema, yule ni mdogo wangu, ataniambia tu."

Bi Kanuni aliinamia meza.

"Alingoja Jumapili ngapi?"

"Zote, wifi."