Waachie Nafasi ya Kuitikia

Siku moja naikumbuka kuliko zote nilizopanda jukwaani, mwanangu, na wala si siku niliyoshangiliwa. Ilikuwa mchana, uwanjani Katesh, kamera zimenielekea, na watu wangu mwenyewe wamenyamaza kama wako msibani.

Nakueleza haya kwa sababu nimesikia Jumamosi unakwenda Arusha kwenye usaili wa mashindano ya kuimba. Vizuri, nenda. Mimi si wa kukukataza, maana nilianzia hukohuko, na watu walinijua kwa runinga kabla hawajanunua kanda yangu hata moja. Usicheke. Kanda zilikuwepo, na mvi hizi sikuzitoa dukani.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na minne, mwimbaji wa kwaya ya kanisa letu hapa Nangwa. Majaji walinichukua, nikapelekwa Dar es Salaam, nikakaa na washindani wenzangu katika nyumba moja yenye kamera mpaka jikoni. Kila wiki mnaimba, watazamaji wanapiga kura kwa meseji, mmoja wenu anafunga mizigo. Wiki ya tatu nikachagua wimbo wa kupura maharage. Wewe umekua maharage yanakanyagwa kwa trekta, basi ngoja nikufafanulie. Kina mama walikuwa wanasimama kuzunguka turubai, kila mmoja na fimbo yake. Mmoja anatangulia mstari, wengine wanaitikia, na fimbo zinaanguka wakati wa kuitikia. Asiyeitikia hapuri. Wimbo huo nilifundishwa na mama mkubwa Paskalina, dada yake mama, ambaye ndiye aliyekuwa akiwatangulia wenzake miaka yote.

Mwalimu wetu wa sauti kule Dar alinisikiliza, akasema, "Wimbo mzuri, ila hapo unaponyamaza unapoteza muda. Una dakika mbili tu. Jaza mwenyewe."

Nikajaza. Nikatangulia, nikaitikia mwenyewe, nikapandisha sauti mpaka majaji wakasimama. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nililitia ndoo nzima. Tangu siku hiyo sikuacha upenyo wowote katika wimbo, na niliamini kabisa kwamba sauti yangu peke yake inatosha.

Tulipobaki wanne, kila mmoja alipelekwa kwao aimbe mbele ya watu wake na nchi nzima ione. Hapo ndipo kura zinapopatikana, mwanangu. Aliyekataliwa kwao, nani mwingine atampigia? Watu walianza kufika Katesh tangu asubuhi. Wa Nangwa walikuja kwenye tela la trekta, wa Hirbadaw wengine kwa miguu, hata wafugaji wa tambarare waliwaachia wenzao ng'ombe. Kina mama wa kupura walisimama mbele kabisa, fimbo mkononi. Nami nilipoziona zile fimbo nilidhani wamekuja nazo kama mapambo.

Nikaanza. Nikatangulia mstari, wakafungua midomo kuitikia, wakakuta nimeshaingia. Mstari wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu walijaribu wachache tu. Kisha fimbo zikashuka taratibu mpaka chini, midomo ikafungwa, uwanja mzima ukabaki kunitazama. Nilimalizia juu kuliko nilivyowahi kufika maishani, na hakuna aliyepiga makofi isipokuwa watu wa kamera. Niliona aibu.

Nilishuka nikaenda moja kwa moja kwa mama mkubwa.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba." Hakuniangalia, alikuwa anakung'uta vumbi kwenye shuka lake. "Sauti yako ni nzuri. Hilo hakuna anayebisha."

"Sasa mbona hamkuitikia?"

"Nafasi uliiacha wapi?" Ndipo akanitazama. "Umetuita shambani, halafu umepura peke yako. Sisi tulikuja kufanya nini?"

Alinishika mkono, akanipeleka nyumbani, akanipa ugali na maziwa ya mgando, maana kwetu mtu hakemewi akaachwa na njaa.

Wiki iliyofuata nilirudi Dar, kura zikiwa bado hazijahesabiwa, na mwalimu wa sauti alinitaka nibadilishe wimbo. Nilikataa. Niliimba uleule, na safari hii nikanyamaza pale pa kunyamaza. Weee! Ule ukimya wa kwanza ulikuwa mrefu kuliko barabara ya kwenda Singida. Hakuna aliyeitikia. Niliogopa sana, lakini nikakaza moyo, nikatangulia tena, nikanyamaza tena. Walioitikia ni wenzangu waliokwisha kutolewa, waliokuwa wamekaa mstari wa mbele. Baada ya hapo ukumbi mzima ulikuwa unapura kwa viganja. Sikushinda, nilikuwa wa tatu. Lakini kwa wimbo ule nimezunguka nchi hii karibu miaka ishirini, na sijawahi kupanda jukwaa nikiwa peke yangu.

Wala usidhani nafasi ile ni ya kuwafurahisha watu tu. Tope la mafuriko liliposhuka kutoka mlimani na kuingia mtaa wa Jorodom, pale Katesh, mama mkubwa Paskalina alikuwa huko, kwa binti yake. Tulimzika. Kwenye ibada ya kumkumbuka wakaniomba niimbe wimbo wake. Nilitangulia mstari wa kwanza, koo likafunga. Nikafungua mdomo kwa wa pili, hakikutoka kitu. Mimi, wa runinga, wa majukwaa makubwa! Basi kina mama wakaitikia ule mmoja niliouweza. Wakauitikia tena, na tena, fimbo zikipiga ardhi, wakanisubiri bila haraka mpaka sauti ikarudi. Kidole kimoja hakivunji chawa, mwanangu. Nililia nikiimba, na sikuona aibu hata kidogo.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Kipaji unacho, nimekusikia kanisani, na usimwombe mtu radhi kwa ajili yake. Simama katikati ya jukwaa, kichwa juu. Ila wimbo wowote utakaoimba, na kazi yoyote utakayoshika hata ukishindwa uimbaji, waachie wenzako nafasi ya kuitikia. Wakikuambia ukimya ni kupoteza muda, wasikilize kwa heshima, kisha nyamaza vilevile. Nafasi unayoiacha leo ndiyo itakayokubeba siku koo litakapofunga, na kila koo lina siku yake.

Nenda, mwanangu. Mungu alipanue koo lako na aufanye moyo wako uwe mpana zaidi ya koo. Njia ikufungukie kwenda na kurudi. Siku utakapoonekana kwenye runinga nitakuwa nimekaa mbele yake hapahapa Nangwa, na fimbo ya mama mkubwa mkononi. Wewe tangulia, kisha nyamaza. Nitaitikia.