Kipimajoto cha Ziada

Hapa Newala hakuna aliyesoma magazeti kumzidi Ziada binti Abdulazizi, na wala hakuyapenda. Ilikuwa kazi. Mimi napakana naye ua kwa ua, nimemwona akishinda kibarazani na kompyuta mapajani, uso ameukunja kama anayechagua mawe kwenye mchele. Nikimuuliza kuna nini ananijibu, "Wamegombana tena, Mama Dorothy." Nani? "Nchi."

Waliompa kazi ni watafiti wa chuo kimoja cha mbali. Walitaka kujua nchi mbili zinazopakana zinapatanaje, na njia waliyoiona wao ni kuhesabu habari. Kila habari iliyotaja Tanzania na Msumbiji pamoja, iwe ya gazeti au ya redio, Ziada aliisoma na kuipa alama ya joto. Mawaziri wakipeana mikono, joto linashuka. Risasi zikilia mtoni, linapanda. Mwisho wa mwezi kompyuta inajumlisha zote na kuchora mstari mmoja mwekundu. Kisichoandikwa popote hakihesabiwi. Hiyo ndiyo kanuni waliyompa, na kanuni hiyo naichukia hadi leo.

Sisi tukauita mstari ule kipimajoto cha Ziada. Usicheke. Huku kwetu ni nyumba chache zisizo na mtu ng'ambo ya Ruvuma, kama si shangazi basi mjukuu. Tangu vijiji vya kule vianze kuchomwa moto, watu walipita kwa Ziada kama wanaopita kwa mganga. Wanatoka Chilangala, wengine Kitangari, wanabisha hodi: "Mwalimu, leo joto likoje?" Alikuwa akiwaeleza kwamba kipimo kile ni cha serikali na serikali, si cha njia ya kwa shangazi yako. Wanaitikia vizuri, halafu wanauliza tena.

Mdogo wake, Fikirini, alikuwa na haki ya kuuliza kuliko wote. Mkewe Esha alikwenda kwao ng'ambo kumuuguza mama yake, akamchukua na mtoto wao Hamudi, vurugu zikawakuta hukohuko. Simu ikawa haipatikani. Fikirini akawa hali halali, mikorosho yake Kitangari imemezwa na majani, na kila akija Newala swali ni lile lile. "Dada, niende?" Kila mara Ziada alimwambia bado.

Halafu mstari ukaanza kushuka. Mwezi wa kwanza ulishuka kidogo, uliofuata sana, ukafika chini kuliko alivyowahi kuuona. Siku Fikirini alipokuja nilikuwepo, nilikuwa nimekwenda kuomba kiberiti. Ziada aliutazama mstari, akamtazama ndugu yake alivyokonda, akasema, "Naona kumepoa." Fikirini alicheka kwa sauti, sikumbuki lini nilimsikia akicheka hivyo, akatuaga sote mpaka kuku. Keshokutwa yake akavuka.

Wiki ile ile Ziada aliligundua kosa. Alirudia habari alizozisoma, akitaka kuona ni kitu gani kimewapatanisha watu, na hakukuta mapatano yoyote. Alikuta habari chache tu, za mikutano ya mjini. Mwandishi aliyekuwa akituma habari kutoka sehemu zile alikuwa amekimbia, minara ya simu imeangushwa, magazeti yamegeukia mambo mengine. Joto lilishuka kwa sababu hakuna aliyebaki wa kuliandika. Alimpigia Fikirini siku nzima, simu haipatikani. Akawaandikia watafiti wake, nao wakamjibu kwa adabu nyingi kwamba tatizo hilo wanalifahamu, tena wamelieleza mwishoni mwa ripoti. Waungwana kweli!

Mvua zilipoanza, Esha akatokea. Alikuwa na Hamudi mgongoni, miguu imevimba, amezungukia mbali upande wa juu wa mto pamoja na kundi la watu waliokimbia. Mama yake Ziada alikuwa ndiyo anatua dumu la maji. Esha akamwamkia, akatazama huku na huku uani, akauliza, "Baba Hamudi yuko shamba?"



Baadaye mtu mmoja wa kundi lile alikuja kusema kwamba yeye na wenzake waliwafukia wanaume kadhaa kwenye njia ya kivukoni. Mmoja alivaa shati ambalo Esha mwenyewe alilishona kwapani kwa uzi mweusi. Hakuna gazeti lililoandika lolote. Ziada alitafuta kila mahali, alitafuta hata kwa Kireno, maana bila gazeti hakuweza kumhesabu ndugu yake.

Wazee wakataka isomwe hitima. Mama akakataa katakata. "Ziada amesoma, na mstari wake bado uko chini," akasema. "Kama kule kumepoa, mwanangu amekufa na nini?" Alitaka Fikirini awekewe chakula kila jioni, na tulimwona akikifunika kwa mkono wake. Esha alikuwa hana pa kulilia. Hatimaye wazee wakamwambia Ziada azungumze na mama yake, kwa kuwa ndiye anayeaminiwa.

Alikaa chini kwenye mkeka, mbele ya miguu ya mama yake. Nilisimama mlangoni, na moyo wangu ulikuwa unaniuma kwa ajili yao wote wawili.

"Mama," akasema Ziada, "kile kipimo hakijui kitu. Kule watu wanakufa, hakuna wa kuandika, mimi huku naona kumetulia. Usikisikilize. Fikirini hayupo."

Mama akaivuta miguu yake nyuma.

"Na siku ulipomwambia avuke," akauliza, "kilikuwa kinajua?"

Hitima ilisomwa Ijumaa, watu wakala wakatawanyika. Mama anaishi nyumba moja na Ziada mpaka leo, na akitaka chumvi, hata kama ya Ziada ipo jikoni, anamtuma Hamudi akaombe kwangu.